TUSIMFUNGIE NDANI, TUMPELEKE UWANJANI
Somo juu ya kujitolea na uongozi katika michezo ya watu wenye ulemavu wa akili

Jioni ikifika hapa Nyashimo uwanja hujaa. Vijana wanacheza mpira wa miguu, wasichana wanacheza netiboli, wazee wamekaa chini ya mti wakihukumu kila teke. Watoto wadogo wanakimbiza matairi. Mabasi ya Mwanza na Musoma yanapita barabarani. Ukitazama utasema watu wote wapo.

Hebu hesabu tena. Hawapo wote. Yuko kijana wa miaka 15 aliyebaki nyumbani. Hatumtaji jina, maana hayumo katika nyumba moja tu. Yumo karibu katika kila kijiji. Akili yake ilichelewa kukua. Asubuhi wazazi wakienda kwenye shamba la pamba au kuanika dagaa, yeye hufungiwa ndani "asije akapotea." Jioni wazazi wanarudi wamechoka. Siku imekwisha, naye hajatembea hata hatua mia. Kesho ni hivyo hivyo. Mwaka unakwisha.

Wazazi hao si watu wabaya. Wanaogopa ziwa, wanaogopa barabara kuu, wanaogopa watoto wanaomzomea. Tena hawana mtu wa kumpokea mtoto wao hata kwa saa moja.

Somo letu la leo linamhusu huyo mtu anayekosekana: yule wa kumpokea kwa saa moja. Tutaeleza ulemavu wa akili ni kitu gani, michezo inasaidia nini, mashindano yao hupangwa namna gani, na sisi wanakijiji tunaweza kuanzaje.

ULEMAVU WA AKILI NI NINI?

Mtu mwenye ulemavu wa akili ni yule ambaye akili yake hukua na kujifunza polepole kuliko ya wenzake wa umri wake. Huchelewa kusema, huchelewa kuhesabu, huchelewa kujitegemea katika mambo ya kila siku. Hali hii huanza tangu utotoni. Wengine wana ulemavu mdogo, hata wanaweza kulima, kuchunga, na kufanya biashara ndogo. Wengine wana ulemavu mkubwa na huhitaji msaada hata wa kula na kuvaa.

Ulemavu wa akili siyo wazimu. Wazimu ni ugonjwa unaoweza kumpata mtu mwenye akili timamu, na mara nyingi ukitibiwa hupata nafuu. Ulemavu wa akili siyo ugonjwa wa kumeza dawa ukapona. Dawa yake ni kufundishwa, tena kufundishwa kwa subira.

Unasababishwa na nini? Sababu ni nyingi. Wengine huzaliwa na hali iitwayo Down: chembe za urithi katika miili yao ni 47 badala ya 46. Wengine mama alipata uzazi mgumu, mtoto akachelewa kulia na ubongo ukakosa hewa. Wengine waliugua malaria kali iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Wengine mama alikosa madini joto wakati wa ujauzito, yaani yale yanayopatikana katika chumvi yenye madini hayo. Na kwa wengine hata daktari hawezi kutaja sababu.

Katika orodha hiyo hamna uchawi, wala laana ya ukoo, wala dhambi ya mama. Tena ulemavu huu hauambukizi. Mtoto wako akicheza naye, akinywa naye maji, hatapata chochote ila rafiki. Wahenga walisema: Hujafa hujaumbika.

KWA NINI MICHEZO?

Wengine watauliza: "Mtu huyu hajui kusoma wala kuhesabu, mpira utamsaidia nini?" Swali ni zuri. Tulijibu.

Kwanza, mwili. Mtu anayekaa ndani siku nzima hunyong'onyea viungo. Akikimbia na kuruka, misuli hupata nguvu, moyo hupiga vizuri, na usiku hulala usingizi mzuri. Mama yake naye hulala.

Pili, akili. Mchezo ni shule isiyo na ubao. Mchezaji hujifunza kusubiri zamu, kusikia filimbi, kujua kushoto na kulia, kuhesabu moja mpaka tano. Aliyejifunza kusimama kwenye mstari uwanjani anaweza kujifunza kusimama pembeni mwa barabara akingoja gari lipite.

Tatu, afya. Kocha anayemwona mchezaji kila wiki hugundua mambo. Kijana anayesemwa kwamba "hasikii" pengine masikio yake yana usaha. Anayekosa mpira kila mara pengine haoni vizuri. Ndiyo maana katika mashindano makubwa ya watu hawa, madaktari wa kujitolea hupima macho, masikio na meno ya wachezaji.

Nne, kijiji. Jambo hili sisi tunaliona kubwa kupita yote. Watu wakimwona amefungwa ndani, humwita majina. Wakimwona anakimbia na kumaliza mbio zake, humwita kwa jina lake.

ILIANZA NAMNA GANI?

Huko Marekani alikuwako mama mmoja aitwaye Eunice Kennedy Shriver. Kaka yake, John Kennedy, alikuwa Rais wa nchi ile. Lakini dada yao Rosemary, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa na ulemavu wa akili. Kumbe jambo hili huingia hata katika nyumba za wakubwa.

Mwaka 1962 mama Eunice alifungua kambi ya michezo nyumbani kwake, katika jimbo la Maryland. Hakungoja jengo wala ofisi. Aliwaalika watoto wenye ulemavu wa akili na vijana wa kujitolea wa kuwafundisha. Watu walizoea kusema watoto hao hawawezi kuogelea wala kupanda farasi. Waliogelea, na farasi walipanda.

Kutoka kambi ile, tarehe 20 Julai 1968, yalifanyika mashindano ya kwanza katika mji wa Chicago. Wanamichezo kama 1,000 kutoka Marekani na Kanada walishiriki. Ndivyo lilivyozaliwa shirika la Special Olympics. Leo lipo katika nchi zaidi ya 170, na Tanzania ni mojawapo. Mashindano ya dunia ya mwaka 2019 yalifanyika Abu Dhabi, huko Uarabuni, na wanamichezo zaidi ya 7,000 walikusanyika. Mama Eunice alifariki mwaka 2009, lakini kazi haikufa naye. Sababu yake ni kwamba hakuifanya peke yake. Kila nchi ilipata watu wake wa kujitolea.

MASHINDANO HUPANGWAJE?

Hapa pana jambo la kujifunza hata kwa sisi tunaopanga ligi za vijiji.

Katika mbio za kawaida, mshindi ni mwenye mbio kuliko wote. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunamkumbuka Suleiman Nyambui, mwenyeji wa Majita mkoani Mara, aliyepata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini ukimweka mtu anayeweza kukimbia polepole tu ashindane na mwenye mbio, unamfundisha jambo moja: kushindwa. Wiki ijayo hatakuja.

Kwa hiyo Special Olympics hupanga wachezaji katika makundi. Huangalia jinsia, umri na uwezo. Kwanza kila mtu hupimwa. Kisha wenye uwezo unaokaribiana hushindana wenyewe kwa wenyewe. Kipimo kinachotumika ni kwamba tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho katika kundi isizidi kama asilimia 15. Hebu tufanye hesabu.

Tuseme vijana sita wamepimwa mbio za mita 100. Muda wao kwa sekunde ni huu: 18, 19, 20, 25, 27 na 28.

Mwenye mbio kupita wote ametumia sekunde 18. Asilimia 15 ya 18 ni 2.7. Jumlisha 18 na 2.7, unapata 20.7. Basi wenye sekunde 18, 19 na 20 wanakuwa Kundi la Kwanza. Anayefuata ana sekunde 25. Asilimia 15 ya 25 ni 3.75. Jumlisha, unapata 28.75. Basi wenye sekunde 25, 27 na 28 wanakuwa Kundi la Pili.

Sasa kila kundi lina mbio za kweli. Aliyetumia sekunde 25 anaweza kuwa wa kwanza katika kundi lake. Siyo ushindi wa huruma. Ameshindana na watu wa nguvu zake na amewashinda. Watatu wa kwanza hupewa medali, na wa nne mpaka wa nane hupewa utepe. Mwanamichezo halipi kiingilio. Anaweza kuanza kushindana akiwa na umri wa miaka 8, na hakuna umri wa kumwambia "sasa basi."

Kadhalika kuna michezo ya kuchanganyika. Katika mpira wa miguu wa watu watano, timu huwa na wachezaji watatu wenye ulemavu wa akili na wenzao wawili wasio na ulemavu. Wanavaa jezi moja, wanashinda pamoja, wanafungwa pamoja. Mchezo wa namna hii unaweza kuchezwa hapa kwetu kesho jioni.

Wapo watakaosema: "Lakini shuleni michezo hiyo ipo." Ni kweli. Katika mashindano ya shule za msingi, yaani UMITASHUMTA, huwa kuna michezo maalumu kwa wanafunzi wenye ulemavu. Lakini je, yule ambaye hakuandikishwa shule? Na yule aliyemaliza, ambaye sasa ana miaka 25? Hao ni wetu sisi wa kijijini.

KUJITOLEA MAANA YAKE NINI?

Kujitolea ni kutoa nguvu, muda au ujuzi wako kwa hiari bila kudai mshahara. Jambo hili siyo geni kwa Wasukuma. Tangu zamani vijana wa kijiji walikuwa na chama chao cha kulima kwa pamoja, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale. Vijana hawakumfuata kwa sababu ya mali. Walimfuata kwa sababu alipoita watu, yeye mwenyewe alikuwa ameshafika shambani na jembe lake.

Basi kocha wa kujitolea ni nsumba ntale wa uwanjani. Tunataka mtu wa namna gani? Siyo lazima awe amecheza Simba au Yanga. Tunataka mtu mwenye mambo matatu:

1. Anatimiza ahadi. Akisema Jumanne saa kumi jioni, ni Jumanne saa kumi jioni.
2. Ana subira. Anaweza kurudia jambo moja mara ishirini bila kufoka.
3. Anaaminika na wazazi. Watu wanamjua na wanajua mwenendo wake.

Jambo la kwanza tunalisisitiza. Mtu mwenye ulemavu wa akili hushika ratiba kuliko sisi. Ukimzoesha kuja Jumanne, Jumanne atakuwa amevaa viatu tangu asubuhi. Ukija wiki tatu kwa mbwembwe halafu ukatoweka, utakuwa umemwumiza kuliko asiyekuja kabisa. Afadhali uahidi siku moja kwa wiki, lakini uje.

Wala siyo kila anayejitolea awe kocha. Mwenye baiskeli anaweza kumleta mtoto wa mbali. Fundi cherehani anaweza kushona alama za timu. Mama muuza uji anaweza kuleta ndoo ya maji. Muuguzi anaweza kuja mara moja kwa mwezi. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuandika majina na muda wa mbio. Kidole kimoja hakivunji chawa.

TUANZEJE HAPA KWETU?

Hatua ya kwanza ni kuwatembelea wazazi. Siyo kuwaita kwenye mkutano na kuwaaibisha mbele ya watu. Ni kwenda nyumbani, kukaa, na kuzungumza. Tuchukue mfano wa mazungumzo:

KOCHA: Shikamoo mayu.
MAMA: Marahaba mwanangu. Karibu, kaa hapo kwenye kigoda.
KOCHA: Asante. Mayu, nimekuja kwa ajili ya kaka yetu huyu aliyemo ndani.
MAMA: (Ananyamaza kidogo.) Amekosa nini tena?
KOCHA: Hajakosa kitu. Tunataka aje uwanjani, acheze na wenzake.
MAMA: Mwanangu, huyu hawezi. Wenziwe watamcheka. Halafu akikimbilia barabarani nitasema nini kwa baba yake?
KOCHA: Ni kweli, mayu, hofu yako ni ya haki. Basi njoo wewe mwenyewe. Ukae pale chini ya mti umwone. Akichoka, mnarudi.
MAMA: Na mkimchoka ninyi je?
KOCHA: Tutakuja wawili kila mara, na tutakuja kumchukua na kumrudisha hapa mlangoni.
MAMA: Haya. Nitakuja mara moja, nione.

Kocha huyu hakubishana na mama, wala hakumwambia kwamba anakosea. Alisikiliza hofu yake na akaijibu. Mzazi akija mara moja akamwona mtoto wake anacheka, kazi iliyobaki ni ndogo.

Hatua ya pili ni kuwaona viongozi: mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu mwenye uwanja, na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Waeleze, na waombe wajue majina ya wote wanaojitolea. Kupitia ofisi ya utamaduni na michezo ya halmashauri ya wilaya, ambayo kwetu Busega makao yake ni hapa hapa Nyashimo, mnaweza kuulizia namna ya kuungana na Special Olympics Tanzania.

Hatua ya tatu ni vifaa. Vifaa ni vichache: mpira mmoja, kamba, majivu ya kuchora mistari, filimbi, simu yenye saa ya kupimia sekunde, ndoo ya maji yenye mfuniko, na daftari. Mpira wa kulenga unaweza kushonwa kwa matambara. Msingoje wafadhili.

Hatua ya nne ni ratiba. Siku mbili kwa wiki, saa moja kila siku, jua likishapoa. Wakati wa kuvuna pamba punguzeni siku, lakini msiache kabisa. Mchezaji anahitaji mazoezi ya wiki nane au zaidi kabla ya kushindana.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Fundisha jambo moja kwa wakati mmoja, na ligawe vipande vidogo. Usiseme, "Kimbia mpaka kule, zunguka fimbo, urudi, umguse mwenzako." Hayo ni mambo manne. Anza na moja.

Kwa kila jambo fuata ngazi hizi:

1. Sema kwa maneno machache. "Piga mpira."
2. Kama hakuelewa, onyesha. Upige wewe, akuone.
3. Kama bado, mwelekeze kwa kumgusa kidogo, kwa mfano mguu unaotakiwa kupiga.
4. Kama bado, mshike na mfanye pamoja.

Akiweza, punguza msaada. Mshike leo, kesho mguse tu, keshokutwa mwonyeshe, halafu mwambie kwa mdomo. Lengo letu ni afanye mwenyewe.

Msifu papo hapo, tena taja alilofanya vizuri: "Umesimama kwenye mstari. Vizuri sana!" Usimwite mtoto kama ni mtu mzima. Kijana wa miaka 25 ni kijana wa miaka 25, na mamkie kama unavyowaamkia wenzake.

TAHADHARI

Kiongozi mzuri huanza na usalama. Kabla mchezaji hajaanza, apelekwe zahanati au hospitali akapimwe. Wenye hali ya Down wengi huzaliwa na kasoro ya moyo, na baadhi yao viungo vya shingo ni vilegevu. Hao wasipige mpira kwa kichwa wala kupinduka kichwa chini mpaka daktari aseme.

Baadhi ya wachezaji wana kifafa. Mtu akianguka, msimkimbie. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala povu. Ondoeni vitu vinavyoweza kumwumiza, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, kisha mgeuzeni alale ubavu. Msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, wala msimkandamize. Angalieni saa: kikizidi dakika tano, au kikirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Mwenye kifafa asiende ziwani peke yake kamwe.

Wahesabuni wachezaji mnapoanza na mnapomaliza. Mazoezi yafanyike mbali na barabara. Maji ya kunywa yawepo, safi na salama.

Na kuna hatari nyingine ambayo watu huiogopa kuitaja. Watu wenye ulemavu wa akili, hasa wasichana, huweza kudhulumiwa na watu waovu kwa sababu hawajui kujieleza. Kwa hiyo sheria iwe moja: mtu mzima mmoja asikae faraghani na mchezaji. Wawepo watu wazima wawili, mahali pa wazi. Anayekataa sheria hii asipewe kazi, hata akiwa ndugu wa mwenyekiti. Likitokea jambo, litolewe taarifa polisi na kwa ofisi ya ustawi wa jamii siku ile ile. Lisimalizwe kwa kulipana ng'ombe.

NANI NI KIONGOZI?

Tumezoea kusema kiongozi ni mwenye filimbi. Hiyo ni sehemu tu. Kiongozi ni yule anayeandaa wengine waweze kuendelea hata yeye asipokuwepo. Kocha akihamia Mwanza na timu ikafa, basi alikuwa mchezaji hodari, lakini uongozi haukuwepo. Kwa hiyo tangu mwanzo kila kazi iwe na watu wawili, mmoja akifanya na mwingine akijifunza. Michango ya fedha iandikwe katika daftari, isomwe mbele ya wazazi kila mwezi, hata kama ni shilingi elfu moja.

Na wachezaji wenyewe je? Hao nao ni viongozi. Yuko mama mmoja wa Marekani aitwaye Loretta Claiborne, aliyezaliwa mwaka 1953. Utotoni alichelewa sana kutembea na kusema. Mfanyakazi mmoja wa ustawi wa jamii alimpeleka kwenye michezo ya Special Olympics. Loretta amekimbia mbio ndefu za marathoni, zile za kilomita 42, mara zaidi ya 20. Baadaye aliingia katika bodi ya shirika hilo, akakaa meza moja na wakubwa na kusema kwa niaba ya wenzake.

Kwetu tunaweza kuanza na madogo. Mmoja awe kapteni. Mwingine atunze filimbi, au agawe maji. Mwingine aongoze mazoezi ya kunyoosha viungo. Na katika kamati ya timu wawemo wachezaji wawili. Tukiwauliza, "Mnapenda tucheze nini?" tungoje jibu, hata likichelewa. Ukimsemea kila siku, atazoea kunyamaza.

SHERIA INASEMAJE?

Michezo kwa watu hawa siyo sadaka. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Mkataba huo unataja haki ya kushiriki katika michezo na burudani pamoja na watu wengine. Mwaka 2010 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9. Basi mzazi akiomba mtoto wake acheze, haombi hisani. Anadai haki.

MWISHO

Ndugu msomaji, wewe ulijifunza kusoma ukiwa mtu mzima. Unakumbuka siku ya kwanza ulivyoshika kalamu, mkono ukatetemeka, na wengine wakasema, "Huyu hawezi tena." Mwalimu wako hakukucheka. Alikuandikia herufi moja, ukaifuatisha. Kesho akaandika ya pili. Leo unasoma gazeti hili.

Yule kijana aliyemo ndani anangoja herufi yake ya kwanza. Kwake herufi hiyo ni mstari wa majivu uwanjani, na mtu wa kumwambia, "Simama hapa. Tayari. Kimbia!"

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja tofauti kati ya ulemavu wa akili na wazimu.
2. Katika kitongoji chako wako watu wangapi wenye ulemavu wa akili? Saa kumi jioni huwa wapi?
3. Vijana wanne wametumia sekunde 20, 22, 26 na 29 katika mbio za mita 100. Wapange katika makundi mawili kwa kipimo cha asilimia 15.
4. Mtu amepatwa na kifafa uwanjani. Taja mambo matatu ya kufanya na mawili ya kutofanya.
5. Kwa nini ni vibaya kujitolea kwa wiki tatu halafu kuacha bila kuaga?
6. Kikundi chenu kinaweza kutoa nini: muda, baiskeli, maji, au ujuzi? Andikeni majina na siku, kisha mwende mkawaone wazazi.